Musoma kwa Barabara, Nansio kwa Maji

Mama yangu alipotimiza miaka sabini tulimuuliza anataka zawadi gani. Hakutaja kitenge wala sherehe. Alisema kwamba angependa kulala siku nne mahali ambapo ziwa linasikika usiku. Ombi hilo linaweza kumshangaza asiyeijua Mwanza, kwa kuwa sisi tunaishi Nyegezi, na ukipanda kidogo nyuma ya nyumba yetu, penye mawe, unaiona ghuba yote mpaka ng'ambo.

Lakini kuliona ziwa na kulisikia ni mambo mawili. Ufukwe wa jiji letu umegawanywa kati ya bandari, viwanda vya samaki, hoteli na kuta za nyumba za watu, na pale palipobaki wazi ni mwaloni, yaani mahali mitumbwi ya samaki inapotia nanga, ambako ni mahali pa kazi. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri yoyote uone magunia ya dagaa yanavyopandishwa kwenye malori ya kwenda mikoani na nchi za jirani, huku wachuuzi wakipigana vikumbo na wapagazi wakidai njia. Hapo hakuna anayesikiliza mawimbi. Usiku, sauti inayotufikia Nyegezi ni ya malori ya barabara ya Shinyanga. Mama amelitazama ziwa kwa mbali kwa zaidi ya miaka thelathini, kama mtu anayemtazama ndugu yake kupitia dirisha la basi.

Kwa hiyo nilianza kutafuta mji mdogo wa ziwani. Ninasema mji kwa makusudi, kwa sababu mama hataki hoteli iliyojitenga porini. Anataka soko la kutembelea asubuhi, kanisa la kusali Jumapili na watu wa kusalimiana nao njiani. Bukoba ulikuwa wa kwanza kutajwa na ndugu zangu, hasa baada ya Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, kufunguliwa Juni 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko ambayo zamani ilikula nusu ya siku. Ni mji ninaoupenda sana, wenye mvua zake, migomba yake na msimu wake wa senene. Hata hivyo, kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, na magoti ya mama hayawezi kukunjwa ndani ya gari kwa muda wote huo kwa ajili ya mapumziko ya siku nne. Ikabaki miji miwili: Musoma na Nansio. Yote miwili nilikuwa nimeitembelea peke yangu, kila mmoja kwa wakati wake, na yote miwili iliniachia jambo la kukumbuka.

Musoma nilikwenda mwaka jana mwezi wa Oktoba. Unapanda basi stendi ya Nyamhongolo, unapita Kisesa na Magu, na ukikaribia Lamadi unaanza kuelewa kwa nini watu wa huku hawalalamiki juu ya urefu wa njia hii. Upande wa kushoto ziwa linachungulia kati ya mashamba ya pamba na mpunga, na mbele kidogo, upande wa kulia, ni mpaka wa Hifadhi ya Serengeti, pale lango la Ndabaka, ambapo abiria wa basi la kawaida anaweza kuwaona nyani wamekaa kando ya lami, na akibahatika akaona pundamilia na nyumbu bila kulipa kiingilio. Baada ya Bunda nchi inakuwa ya vilima na mawe. Safari nzima ni kama kilomita 220, na mtu aliyeondoka asubuhi anakula chakula cha mchana Musoma.

Mji wenyewe umekaa juu ya ulimi wa nchi ulioingia ziwani, kiasi kwamba ukishika barabara yoyote kati ya zile za katikati na kutembea bila kugeuka, haichukui muda mrefu kabla hujafika majini. Ni makao makuu ya Mkoa wa Mara, kwa hiyo una ofisi, mahakama, hospitali kubwa na benki, lakini umebaki na utulivu wa mji wa zamani wenye miti mikubwa na mitaa iliyonyooka. Jioni yangu ya kwanza nilikaa upande wa Makoko, juu ya jiwe lililokuwa bado na joto la mchana, nikamtazama mnandi aliyetoka kuzamia. Alisimama juu ya jiwe lililo mbele yangu, akafungua mabawa yake yote mawili kama mtu anayeanika shuka, akatulia hivyo hivyo bila kutikisika, maji yakimdondoka kwenye ncha za manyoya, mpaka jua likaanza kuzama nyuma yake. Sisi wa Mwanza tumezoea jua linalojificha nyuma ya vilima na mapaa ya nyumba. Pale Musoma jua liliingia majini, na kwa dakika chache ziwa lote lilikuwa na rangi ya mawese.

Musoma una dai jingine kwa mama yangu, na nisipolieleza sitakuwa nimeutendea haki mji huo. Ni pale, mwezi wa Novemba mwaka 1974, ambapo lilipitishwa Azimio la Musoma, lililoamua kwamba watoto wote wa Tanzania waliofikia umri wa kwenda shule wawe wameingia darasani ifikapo mwaka 1977. Madarasa yaliweza kujengwa kwa nguvu za wananchi, lakini walimu hawakuwepo wa kutosha, ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawekwa kufundisha huku wakijifunza kazi hiyo hapo hapo shuleni, kwa vitabu, kwa vipindi vya redio na kwa kusimamiwa na walimu waliotangulia. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa msichana wa kijijini Sengerema aliyekuwa akisubiri kuolewa, na uamuzi uliofanyika kwenye mji ambao hakuwahi kuuona ukampa chaki. Alistaafu akiwa mwalimu mkuu msaidizi. Mpaka leo, akisikia mtu analidharau jina la mwalimu wa UPE, yaani mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, huacha anachokifanya na kumweleza mtu huyo, kwa sauti ya upole lakini bila kupunguza neno, ni watoto wangapi waliopitia mikononi mwake wakiwa hawajui kushika kalamu.

Ndani ya Musoma ipo Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Mwalimu Nyerere alianza kusoma mwaka 1934, na mwendo usiozidi saa moja kwa gari unakufikisha Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Oktoba 1999, kwenye makazi ya familia yanayoitwa Mwitongo, jirani na makumbusho yenye jina lake. Nilipokuwa nikipima miji hii, niliamini kwamba jambo hili peke yake lingemaliza mjadala. Mwanamke aliyefanywa mwalimu na Azimio la Musoma angepelekwa wapi kwingine?

Nilipomwambia mama alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, Butiama si mahali pa kupumzika, ni mahali pa kuzuru. Huko nitakwenda siku moja na walimu wenzangu waliobaki, tumevaa vizuri, tumebeba shada. Sasa hivi nimekuomba ziwa."

Jibu lake lilinirudisha kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nililiona Musoma na sikutaka kulikiri kwa sababu mji ule ulikuwa umenipendeza. Siku ya pili ya ile safari yangu ya Oktoba, Jumamosi saa tatu asubuhi, nilipigiwa simu na ofisi ninakofanya kazi ya uhasibu. Kulikuwa na hesabu ambazo hazikuoana, na mkubwa wangu wa wakati ule aliuliza niko wapi. Nilipomwambia niko Musoma, alisema neno moja tu: "Basi si mbali." Kweli haikuwa mbali. Mabasi ya kuja Mwanza huondoka siku nzima, na saa kumi jioni nilikuwa nimeketi ofisini, miguu bado ina mchanga wa Makoko ndani ya viatu, nikisahihisha kosa ambalo lingeweza kungoja mpaka Jumatatu. Kosa halikuwa la mji. Lakini tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu anayetafuta pa kupumzika anapaswa kujiuliza, kabla ya kuuliza kuna nini huko, ni rahisi kiasi gani kuitwa arudi.

Nansio ni jambo jingine kabisa. Ni makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na kutoka Mwanza unafikiwa kwa meli ya abiria inayotumia zaidi ya saa tatu kuvuka mlango wa Ghuba ya Speke. Nilikwenda Februari. Nilipanda na watu waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka kwenye manunuzi, na ukitaka kujua kisiwa kinakosa nini, angalia wanachopakia: magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, masanduku ya mikate, kreti za soda, vifaranga ndani ya maboksi yaliyotobolewa matundu, mabati, na mzee mmoja aliyekuwa amekumbatia kioo cha kabati muda wote wa safari kama amebeba mtoto. Meli ikatoka taratibu, Jiwe la Bismarck likabaki nyuma, kisha vilima vya Mwanza vikaanza kushuka kimoja kimoja, mpaka jiji zima likawa mstari wa buluu. Hakuna kituo njiani, wala hakuna wa kukuuzia kitu dirishani. Kwa saa hizo tatu watu walizungumza, wakalala, wakagawana karanga, na mimi niligundua kwamba sikuwa nimeitoa simu mkobani tangu tuondoke.

Kile ambacho sikukitarajia kilitokea jioni, baada ya meli kuondoka. Mchana Nansio ni mji wa biashara kama mingine: gati lina kelele, bodaboda zinagombea abiria, sokoni kuna machungwa na maembe ya Ukerewe yaliyopangwa mafungu mafungu. Lakini meli inapokwisha kuondoka, mji unashusha pumzi. Kila aliye kisiwani anajua kwamba ameshalala hapo, na kila asiyekuwepo hatafika. Sijawahi kuona mahali ambapo watu wanatembea barabarani jioni kwa utulivu wa namna ile. Hapo nilimkumbuka yule Mwingereza, Stanley, aliyekuja huku mwaka 1875 akiwa na haraka ya kuuvusha msafara wake kwenda Uganda, ikambidi aje Ukerewe kumwomba Mtemi Rukonge mitumbwi na kukaa akisubiri mpaka mtemi aridhike. Wageni wa Ukerewe wamekuwa wakisubiri tangu zamani.

Nililala kwenye nyumba ndogo ya wageni iliyo karibu na maji, na usiku ule ndio ninaotaka kuuelezea kwa urefu, kwa sababu ndio uliomshawishi mama. Mwezi ulikuwa haujaandama. Saa moja na nusu hivi, giza lilipokuwa limeshika, taa moja ikawaka majini, kisha ya pili upande wa kushoto, kisha zikawa kumi, na kabla sijamaliza kula, ziwa lote la mbele lilikuwa na taa kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Walikuwa wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga wa taa unashinda tu pale ambapo hakuna mwezi. Ndiyo maana katika siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi ya dagaa huvutwa nchi kavu na wavuvi hupumzika, hutengeneza nyavu, huenda kuwaona wake zao. Zamani walitumia karabai zilizonguruma. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua, nazo hazina sauti, kwa hiyo kilichosikika ni maji tu yakipiga mchanga, na mara moja moja sauti ya mtu wa mbali akimwita mwenzake, iliyotembea juu ya maji mpaka ikanifikia kana kwamba ameketi jirani. Alfajiri mitumbwi ilirudi. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alinikaribisha nitazame. Alikuwa anawamwaga kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, kisha anawasambaza kwa kiganja kilichofunguliwa, bila kubonyeza, na kila baada ya muda anaokota samaki mdogo mwenye rangi tofauti na kumtupa pembeni. Nikamuuliza ni samaki gani. Akasema ni furu, naye humla mwenyewe, kwa sababu mnunuzi akimwona kwenye gunia la dagaa atashusha bei.

Chakula cha Nansio ni sato wa kukaanga au wa kuchemsha na ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, wenye rangi ya majivu na harufu inayomgawa mgeni: ama ataupenda siku ya kwanza au hataupenda kamwe. Mimi niliupenda. Mwenye nguvu za kutembea anaweza kwenda Bukindo kuliona jumba la machifu wa Wakerewe, au Handebezyo kupanda mawe na kuviona visiwa vikiwa vimetawanyika, au msitu wa Rubya ambako misonobari inashuka karibu kabisa na mchanga. Mimi nilikwenda Rubya tu, nikaridhika.

Siku niliyopaswa kurudi upepo ulivuma tangu usiku, na saa ya kuondoka ilipofika tukatangaziwa kwamba meli haitaondoka mpaka kesho. Niliona watu wakiinua mizigo yao bila kunung'unika na kurudi walikotoka. Nikapiga simu ofisini. Mkubwa wangu aliuliza, "Hakuna njia nyingine?" Nikamjibu kwamba ziwa limechafuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi yangu hakuongeza neno, kwa kuwa hata yeye, mtu wa Mwanza, anajua kwamba na ziwa hakuna mjadala. Siku ile ya nyongeza nililala mchana. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimelala mchana bila kuwa mgonjwa.

Nimesema mazuri ya Nansio, na sasa ni haki niseme yanayotisha, kwa sababu ninampeleka mtu wa miaka sabini na wajukuu wake wawili. La kwanza ni afya. Mama ana shinikizo la damu, na ingawa Nansio una hospitali ya wilaya, Musoma una hospitali kubwa zaidi, na ukizidiwa huko hakuna maji kati yako na rufaa. Hilo nililichukulia kwa uzito kuliko jambo jingine lolote, na sikuamua mpaka daktari wake wa kliniki alipompima mara mbili, akaturuhusu na kutuandikia dawa za kutosha za akiba. La pili ni kichocho. Ufukwe wa Ziwa Victoria una kichocho sehemu nyingi, na visiwa vya Ukerewe vimo miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa sana. Vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, hasa yaliyotulia na yenye majani, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi, kwa hiyo mtoto hahitaji kuyanywa maji hayo ili augue. Kucheza ndani yake kunatosha. Wajukuu wameshaambiwa kwamba watajenga nyumba za mchanga na kuoga kwa maji ya bomba, na kama wataingia ziwani kwa kuiba, tutakaporudi watapelekwa kupimwa. Musoma ni vivyo hivyo kuhusu hili. Ziwa ni moja.

La tatu ndilo kubwa. Mama haogopi maji, anaogopa meli. Ni wa kizazi kilichosimama Mwanza mwezi wa Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imebakiza safari fupi kufika, na zaidi ya watu mia nane, wengine husema elfu moja, wakapotea. Alikwenda kwenye maziko ya Igoma, wengi wakiwa wamezikwa bila ndugu zao kuwatambua, na tangu siku ile hajakanyaga chombo cha majini kwa hiari yake. Nilikuwa nimeanza kumzoesha wazo la kupanda tena, ikafika tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, kisiwa cha jirani kabisa na Ukerewe, wakafa watu zaidi ya mia mbili wakiwa wameshaiona nchi kavu. Sikumshawishi tena. Sitaki kuandika hapa kwamba hofu yake haina msingi, kwa kuwa ina msingi, na anayemwambia mtu wa ziwani asiogope ziwa hajakaa nalo. Ninachoweza kusema ni kwamba ziwa letu ni pana sana, karibu kilomita za mraba 69,000, lakini kina chake ni kidogo, wastani wa mita 40 hivi, na maji mapana yenye kina kidogo hunyanyuka haraka upepo unapoyapiga. Ndiyo maana wenyeji huyasoma mawingu kabla ya kuisoma ratiba.

Hapo ndipo nilipokuwa tayari kukata tiketi za Musoma. Niliona mambo matatu upande mmoja, hospitali, barabara na Azimio, na upande mwingine taa za dagaa peke yake. Nilichukua ramani ili nimwonyeshe mama tutakakopita, nikaweka kidole Mwanza, nikakipeleka Magu, Lamadi, Bunda. Mama aliyekuwa ameinamia ramani akaweka kidole chake pale pale Bunda, kisha badala ya kunifuata kwenda juu Musoma, akakipeleka kushoto, juu ya ile rasi nyembamba inayoingia ziwani mpaka inakaribia kugusa Ukerewe. Akauliza, "Na hii njia inaishia wapi?"

Ni njia ninayoifahamu, lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa meli sikuwa nimeifikiria. Ukifika Bunda unaweza kuiacha barabara ya Musoma ukashika ya Kisorya, na kutoka Kisorya kivuko kinavusha magari na watu mpaka Rugezi, upande wa Ukerewe, kisha unakwenda Nansio kwa barabara. Ni mzunguko mrefu kuliko kwenda moja kwa moja kutoka Mwanza kwa meli, na ukiishika huokoi muda, lakini mlango ule wa maji ni mwembamba. Nilimweleza mama kwamba akisimama Kisorya ataiona nchi ya upande wa pili, na kwamba kwa muda wote wa kuvuka hatakosa kuiona nchi ama mbele ama nyuma.

Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu, wakati tunachambua mchele, alinipa masharti yake. La kwanza, tuvuke asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka. La pili, tukifika Kisorya tusiteremshe mizigo mara moja, yeye kwanza atakaa kivulini atazame kivuko kimoja kikienda na kurudi, ahesabu watu wanaopandishwa, na akiona wamezidi hatutapanda, tutarudi Bunda na kushika barabara ya Musoma kama vile ndivyo tulivyopanga tangu mwanzo. La tatu, kila mtoto avae jaketi la kuokolea tangu nchi kavu, hata kama watu watatucheka. Nilikubali yote. Nimezungumza na mwenye nyumba ya wageni ya Nansio na ile ya Musoma, nikawaeleza ukweli huu huu, na wote wawili wamekubali kutushikia vyumba mpaka saa sita mchana wa siku ya safari. Ninawashukuru.

Kikabaki kitu kimoja, tarehe. Likizo ya shule ni Juni, masika yatakuwa yamekwisha, na nilikuwa nimechagua wiki ya katikati kwa sababu ndiyo ofisi yangu haina hesabu za kufunga. Mama akanyanyuka akaenda chumbani, akarudi na kalenda ile ya parokia iliyochorwa miezi midogo pembeni mwa tarehe, akavaa miwani, akaifuata Juni kwa kidole. Nilidhani anatafuta Jumapili.

"Umechagua mwezi mpevu," akasema. "Watakuwa wamelala. Nipeleke wiki ya giza."

Akaniambia kwamba alipokuwa msichana Sengerema, kabla ya kupewa chaki, walikuwa wakikaa yeye na dada zake ufukweni, kila mmoja akichagua taa yake majini na kuishika kwa macho mpaka alale, na ambaye taa yake ilirudi ya kwanza alfajiri ndiye aliyesamehewa kuchota maji. Kisha akanirudishia kalenda na kalamu, nikakata wiki yangu, nikaandika ya kwake.